Jua la Kipindi cha Pili

Foleni ya feri ya Kilifi ilikuwa imerudi nyuma hadi kwenye vibanda vya korosho. Madereva wa mabasi walikuwa wamezima injini, na abiria waliochoka kungoja walishuka na kuteremka kilima kwa miguu, kila mtu na furushi lake, wakipenya kati ya wauza maji na akina mama waliojitanda leso kujikinga na jua. Ilikuwa mwezi wa Mei, mwaka wa themanini na sita. Mvua ya masika ilikuwa imepumzika kidogo, na barabara ilinuka tope na mafuta ya gari.

Miongoni mwa walioteremka alikuwamo Stambuli, kijana mrefu mwembamba, shati lake jeupe limemganda mgongoni, begani amebeba wavu uliojaa mipira mipya ya kandanda. Alikuwa mwalimu wa jiografia katika Sekondari ya Nuru, Malindi, na ndiye aliyefundisha timu ya shule. Mipira ile alikuwa ameifuata Mombasa mwenyewe, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine kuichagua.

Karibu na maji wavu ukakatika. Mpira mmoja ulichomoka, ukadunda mara mbili na kuanza kubingirika kuelekea baharini. Watu waliruka kuupisha. Kabla haujagusa maji, mguu uliovaa kiatu cha ngozi cha wazi ukatokea chini ya buibui, ukaukanyaga mpira kwa juu, ukatulia hapo kimya.

Stambuli aliinua macho. Msichana aliyeuzuia mpira alikuwa wa umri wa miaka ishirini na mitatu hivi, wa maji ya kunde, buibui lake limefunguka kidogo na kuonyesha gauni la kijani lenye maua madogo. Alikuwa anatoka arusini Mtwapa, na harufu ya asumini ilikuwa bado haijamtoka nyweleni.

"Ahsante, dada. Huu ungeingia majini."

"Na ungeingia, ungeufuata?"

"Ningeufuata. Wanafunzi wangu wanaungoja."

"Wanafunzi wa wapi?"

"Wa Nuru, Malindi."

Msichana aliinama, akauokota mpira na kuubana kwapani. "Basi ngoja kwanza, mwalimu. Mdogo wangu Seif ndiye golikipa wa Mwambani. Nikikupa huu, si nitakuwa nimempelekea adui silaha?"

Stambuli alicheka. Hapakuwa na mtu katika wilaya nzima asiyemjua Seif wa Mwambani, shule ya Kilifi mjini; washambuliaji wa Nuru walikuwa wakimwota usiku. Alimwambia kwamba kwa golikipa yule, mpira mpya na mkuukuu yote ni mamoja. Jibu hilo lilimpendeza msichana, akamrudishia mpira wake.

Walivuka pamoja, wamesimama kwenye ukingo wa feri, na kabla ya kufika ng'ambo Stambuli alikuwa ameshajua kwamba anaitwa Mahfudha, kwamba watu wao ni wa Lamu lakini yeye amezaliwa Kilifi, na kwamba anafanya kazi posta, kwenye mtambo wa simu, kuunganisha wanaopiga na wanaopigiwa. Walipoagana Mahfudha alimtakia safari njema na kushindwa kwema. Basi likaenda. Stambuli alifika Malindi amekumbatia wavu wake, na mwalimu mwenzake alipomuuliza amenunua mipira mingapi, ilimbidi aufungue wavu aihesabu.

Alistahimili siku chache tu. Jumatatu iliyofuata, saa za chakula cha mchana, aliingia kwenye kibanda cha simu nje ya posta ya Malindi akaomba aunganishwe na Kilifi.

"Kilifi hapa," sauti ikasema.

"Namtafuta mtu mmoja anayezuia mipira kwa mguu."

"Mtu huyo hamo kwenye kitabu cha simu, bwana."

"Basi niambie yuko saa ngapi."

"Yuko saa za kazi, kama watu wengine wote. Na saa za kazi hafanyi mzaha." Lakini alikuwa akicheka, na Stambuli alisikia.

Tangu siku ile simu zilikuwa fupi lakini hazikukosa. Mahfudha alimwita Mwalimu; Stambuli, akishaizoea sauti ile, alianza kumwita muhibu, kwanza kwa utani, kisha bila utani. Walizungumza mambo ya kawaida: mvua, bei ya samaki, mwalimu mkuu aliyesinzia mkutanoni. Mara mbili alikwenda Kilifi siku ya Jumamosi, wakakutana hadharani, Mahfudha akiwa na Jedida, mwenzake wa kazini, mwanamke Mgiriama mcheshi aliyejua kutazama madirisha ya maduka kwa muda mrefu inapotakikana. Hawakukaa pahali pa siri. Walitembea, wakala korosho, wakaagana kwenye feri. Jedida alisema hajapata kuona mapenzi yenye adabu kama yale, na kwamba yalimchosha miguu.

Wakati huohuo Malindi ilikuwa haimwachi Stambuli apumue. Kombe la wilaya lilikuwa limekaa Kilifi miaka mingi hata wengine wakasema limeota mizizi huko. Kila mwaka Nuru ilifika fainali, kila mwaka Mwambani ikaifunga, na kila mwaka watu wa Malindi walirudi kimya kwenye malori, bendera zimekunjwa. Mwaka huu Nuru ilikuwa na Kitsao, winga wa kulia, kijana wa kidato cha nne ambaye mbio zake ziliwatoa watu madukani kuja kumtazama kwenye mazoezi. Kwa hiyo matumaini yalikuwa makubwa kuliko kawaida, na matumaini makubwa ni mzigo kwa mwenye kuyabeba.

Stambuli alipopita mtaa wa Shella watu hawakumwamkia tena kwa hujambo, walimuuliza, "Fainali vipi?" Muuza mahamri alimwongezea mawili juu ya aliyonunua, akamwambia ale apate akili ya kupanga timu. Imamu alimshika mkono baada ya sala na kumwambia kwa upole kwamba watoto wake pia wanacheza mpira, na kwamba hawajapata kuliona kombe kwa macho. Zaidi ya wote alikuwa Mzee Awadh, fundi cherehani, aliyeishona jezi ya Nuru kwa mkono wake na kuhudhuria kila mazoezi akiwa na kiti chake cha kukunja. Alikuwa mtu mzima, mgonjwa wa pumu. Siku moja alimwita Stambuli dukani, akazima cherehani.

"Mwanangu, mimi sina mengi. Nimeozesha, nimehiji, nimezika. Kitu kimoja tu kimebaki, nacho ni cha kitoto, najua. Nataka nilione lile kombe likipita mbele ya mlango huu."

Stambuli alimwambia Inshallah, akatoka na neno lile limemkalia kifuani.

Wiki ya fainali Mahfudha ndiye aliyempigia, shuleni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Sauti yake ilikuwa chini.

"Mwalimu, nina jambo linanisumbua, na sina wa kumwambia. Ni Seif. Jicho lake la kushoto ni bovu. Ndani ya nyumba anaona, lakini jua la alasiri likimpiga, anasema kunakuwa kweupe tu, kama shuka. Hataki mtu ajue. Baba hajui. Anaogopa ataondolewa golini."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Anadaka kwa mazoea, na kwa kusikia mpira. Mimi humtazama moyo ukinitetemeka."

Stambuli alimwambia jicho si la kuchezewa, ampeleke kwa daktari mara moja. Binamu yake Zuleikha alikuwa muuguzi wa macho Mombasa na angewasaidia. Mahfudha alisema Seif amekataa hadi fainali ipite. Kisha akasema, "Nimekwambia kwa sababu ni wewe," na Stambuli akamwambia alale salama, siri yake imefika pazuri. Alipolisema neno hilo alilimaanisha.

Fainali ilichezwa Kilifi, baada ya sala ya Alasiri. Malindi ilihamia huko tangu asubuhi: malori ya mkaa, malori ya mawe, baiskeli zilizofungwa juu ya mabasi, akina mama na vikapu vya chakula. Mzee Awadh alikuja na kiti chake. Upande wa pili Kilifi nzima ilikuwa imevaa manjano, rangi ya Mwambani. Mahfudha alisimama kando ya baba yake, Mzee Aboud, karani mstaafu wa forodha, mtu wa kanzu safi na maneno machache. Msichana mwenyewe alikuwa amejitanda leso ya manjano mabegani, na chini ya buibui gauni la zambarau. Stambuli alimwona tangu mbali, naye Mahfudha akajifanya anatazama bendera.

Kipindi cha kwanza Nuru ilishambulia bila kupata kitu. Seif alidaka ya chini, akapangua ya mbali, akamvua Kitsao mpira miguuni mara tatu. Alikuwa kijana wa kupendeza kumtazama, mwepesi, hana papara. Wakati wa mapumziko timu zilibadilishana magoli. Jua lilikuwa limeshuka juu ya minazi ya magharibi, na goli ambalo Seif angelilinda sasa lilitazamana nalo.

Wachezaji wa Nuru waliketi nyasini wakinyonya machungwa. Watu wa Malindi walikuwa wamesogea karibu, wamewazunguka. Hawakupiga kelele, kimya chao kilikuwa kizito zaidi ya kelele. Mzee Awadh alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anahema kwa taabu, macho yake kwa Stambuli. Mtu mmoja alisema polepole, "Mwalimu, safari hii tusirudi vilevile."

Stambuli aliwatazama wale vijana, akawatazama wale watu, akalitazama jua. Baadaye alijaribu sana kukumbuka kama alifikiri kwanza. Alimwinamia Kitsao akamwambia, "Usiingie tena ndani. Piga za juu, upande wako huohuo, upande wa mkono wake wa kushoto."

Maneno yenyewe yalikuwa hayo tu. Dakika chache kabla ya mchezo kwisha Kitsao aliinua mpira kutoka pembeni, ukapanda, ukapotea ndani ya ule mng'aro. Seif aliinua mkono, si kwenye mpira, bali kwenye paji la uso, kama mtu anayemtafuta mtu njiani. Mpira ulitua nyuma yake, wavuni.

Malindi yote iliingia uwanjani. Walimbeba Kitsao, wakambeba Mzee Awadh na kiti chake. Katika ghasia ile Mahfudha alimtafuta Stambuli kwa macho, akamwona amesimama peke yake, hajaruka, hajacheka. Macho yao yalikutana. Stambuli akainamisha kichwa, na kwa kuinamisha kule Mahfudha akajua kila kitu.

Kombe lilipita mbele ya duka la fundi Awadh. Watu walipiga matari, mitaa ilinuka pilau, na Stambuli alishikwa mkono na wanaume ambao hakuwajua hata kwa jina. Alipokwenda kwenye kibanda cha simu, sauti iliyopokea Kilifi ilikuwa ya Jedida. Alimwambia kwa upole kwamba Mahfudha yuko, amekaa karibu naye, na hataki. Siku ya pili ilikuwa vivyo hivyo, na ya tatu. Siku ya nne Jedida alimwambia asimtie mtu haya kazini kwake.

Kitsao ndiye aliyemletea habari iliyobaki. Shangazi yake aliishi Kilifi, naye alikuwa amekwenda huko kumjulia hali. Alirudi amenyong'onyea. Alisema Kilifi wanasema kwamba Seif aliuza mechi. Kwamba dada yake alionekana na kocha wa Malindi pale kwenye feri akila korosho, na kwamba golikipa gani huinua mkono kujifunika uso mpira unapokuja. Walikuwa wamemzomea njiani. Seif hakuwa akienda shule. Baba yake alikuwa ameacha kukaa barazani kwake jioni, na milango ya nyumba ilifungwa mchana.

"Mwalimu," Kitsao akauliza, "mimi nilimwona, jua lilimziba. Wewe ulijua kwamba haoni?"

Stambuli alimjibu kwamba alijua. Kijana akasema kwamba kama angelijua yeye, goli lile asingelifurahia hivyo.

Alasiri hiyo Stambuli alikwenda kwa Mzee Awadh, alipojua atakuta watu wa mpira wote, akawaambia ukweli. Wengine walimtazama kama mtu aliyeshikwa na homa. Mmoja alisema jua ni la Mungu, halina timu, na kila kocha angefanya hivyo. Stambuli alikubali kwamba katika mpira huenda si kosa, lakini aliyemwambia hakumwambia kwa ajili ya mpira. Mzee Awadh aliweka mkono juu ya cherehani.

"Tumeliomba goli lile miaka yote hii," alisema, "na sasa tumepewa, wewe umekuja kunitilia mchanga chakulani."

Aliwasha cherehani, akaanza kushona. Ilikuwa ndiyo njia yake ya kumtoa mtu dukani.

Kesho yake Stambuli alimwambia mwalimu mkuu kwamba hataipeleka timu mashindano ya mkoa, kisha akapanda basi la Kilifi. Alivaa kanzu, kama mtu anayekwenda matangani. Hakwenda posta. Aliuliza nyumba ya Mzee Aboud, na alipofika alimkuta mzee amefungua mlango siku ile kwa mara ya kwanza, amekaa barazani na wanaume watatu waliokuja kumwambia kwa adabu yale ambayo wengine walikuwa wakiyasema bila adabu.

Stambuli alitoa shikamoo, akajitaja. Hakuna aliyemkaribisha kukaa.

"Nimekuja kwa jambo la Seif," akasema. "Nasikia inasemwa kwamba aliuza mechi. Hakuuza. Jicho lake la kushoto ni gonjwa, na jua la jioni humziba. Mimi nililijua hilo kwa kuaminiwa. Wakati wa mapumziko nikawaambia vijana wangu wapige juu, upande ule. Goli lile nimelifunga mimi, kwa mdomo wangu. Yeye alisimama pale na jicho moja, akazuia yote yaliyozuilika."

Wanaume wale walitazamana. Mzee Aboud hakumtazama mtu. Aliuliza, "Malindi umewaambia?"

"Nimewaambia jana."

"Wakasemaje?"

"Hawakufurahi."

Mzee alitikisa kichwa polepole. Aliwageukia wale watatu, akawaambia kwamba wamesikia, na kwamba wakatembee nalo mjini kama walivyotembea na lile jingine. Walipoondoka, alisema bila kuinua sauti, akielekea dirishani, "Mahfudha, mgeni amesimama juani. Mletee maji."

Alikuja na glasi juu ya sahani, leso imemfunika hadi kwenye nyusi. Alikuwa amekonda. Mzee Aboud alichukua tasbihi yake akasogea upande wa pili wa baraza, mahali anapoona na hasikii.

Mahfudha alikuwa ameshakiri kwa Seif asubuhi baada ya mechi kwamba yeye ndiye aliyeitoa siri. Tangu hapo Seif hakumsemesha. Alilala chumba cha pili, akala peke yake, na dada yake alipopita aligeuza uso ukutani. Yote hayo Mahfudha hakumwambia Stambuli. Alimuuliza neno moja tu.

"Siku ya feri, nilipokwambia Seif ni mdogo wangu, ndipo uliponiona wa kutafutwa?"

"La."

"Nitajuaje?"

Stambuli alikunywa maji kwanza. "Nusu ya unayonishuku ni kweli, na nusu hiyo nimeisema mbele ya baba yako. Siri yako niliitumia. Lakini sikukutafuta kwa ajili yake. Nilikutafuta kwa sababu nilifika Malindi siku ile nikaulizwa nimenunua mipira mingapi, nikawa sijui. Ukitaka nikane yote ili upoe, siwezi. Na ukitaka nikubali yote, hilo pia siwezi."

Mahfudha alitazama chini. "Ungekuja na uongo ningejua la kufanya," alisema. "Sasa sijui. Nenda kwenu, Stambuli. Usipige simu. Nikiwa na neno nitakutafuta."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. Alipokea glasi akaingia ndani.

Stambuli alitii. Kabla ya kuondoka alimwachia Mzee Aboud jina la binamu yake Zuleikha, na mahali anapofanya kazi, basi. Hakupita tena kwenye kibanda cha simu. Nuru ilikwenda Mombasa na mwalimu mwingine ikatolewa mechi ya kwanza, na wako watu Malindi waliosema kwamba nuksi ile aliileta yeye. Wengine waliacha kumwamkia. Muuza mahamri alimpa aliyoyanunua, hakuzidisha.

Mzee Aboud alimpeleka Seif Mombasa, na Zuleikha akawapokea vizuri. Madaktari walisema ni mtoto wa jicho, aliyetokana na pigo la zamani, huenda mpira aliopigwa utotoni, na kwamba angechelewa kidogo tu jicho lisingefaa tena. Walimfanyia upasuaji. Stambuli aliposikia, aliomba ruhusa shuleni, akaenda Mombasa saa za kuwatazama wagonjwa, akiwa na mfuko wa machungwa na bila kujua atapokewaje.

Seif alikuwa amelala chali, bendeji usoni upande mmoja. Alimtazama mgeni kwa jicho lililobaki, kwa muda.

"Ulimwambia apige juu," akasema.

"Nilimwambia."

"Alipiga vizuri. Hata ningekuwa na macho manne." Kisha akaongeza, "La, ningeudaka."

"Ungeudaka," Stambuli akakubali. "Ndiyo maana nilisema."

Mahfudha alipoingia na shangazi yake Mwanatumu, wakiwa wamebeba chakula, aliwakuta wawili wale wanachora uwanja kwa maganda ya machungwa juu ya shuka, wanabishana golikipa asimame wapi jua likiwa mbele yake. Alisimama mlangoni. Stambuli aliinuka haraka, akamsalimu shangazi mtu, akaaga. Hakujaribu kusema na Mahfudha, wala kumkawiza.

Mahfudha alifungua chakula, akaanza kumlisha mdogo wake kwa kijiko, kimya kama walivyokuwa wamezoea wiki zote zile. Katikati ya kula Seif alimshika kifundo cha mkono.

"Dada, uliogopa nitapofuka. Ndiyo maana ulisema. Au siyo?"

Machozi ya Mahfudha yalidondoka ndani ya wali.

"Basi usiutie chumvi, umekolea," Seif akasema. "Na yule mtu alikuja hadi barazani kwetu peke yake. Mimi nimemwachilia. Wewe sijui unamngoja nani."

Seif alipotolewa hospitali daktari alimtaka apumzike mbali na vumbi, naye akapelekwa Kuruwitu kwa shangazi Mwanatumu, aliyekuwa na nyumba ya chokaa karibu na bahari. Wiki ya pili Stambuli alipata ujumbe shuleni. Aliyepiga simu hakutaja jina. Alisema tu kwamba Jumapili maji ya Kuruwitu yatakuwa yamekupwa, na kwamba mgonjwa anauliza habari za Malindi.

Alikwenda. Alimkuta Seif barazani amevaa miwani myeusi, anamsimulia jirani jinsi fainali ya mwakani itakavyokuwa ingawa yeye atakuwa ameshamaliza shule. Mahfudha alikuwa chini ufukweni na shangazi yake, miamba imetoka majini, wanawake wanaokota chaza. Amevaa gauni la bluu, leso kiunoni, viatu mkononi. Shangazi Mwanatumu alimwamkia Stambuli, akauliza hali za nyumbani kwao mmoja mmoja, kisha akasema chaza wazuri wako kule mbali, akaenda zake taratibu.

Walitembea kwenye mchanga mgumu. Stambuli alimweleza kwamba hafundishi timu tena, na kwamba Mzee Awadh alimtuma mjukuu wake kumwita wiki iliyopita. Alipokwenda, fundi alimpima shingo na mikono bila kusema neno, akamwambia arudi Ijumaa. Ijumaa akampa kanzu. Mpaka leo hawajalitaja goli lile.

"Na wengine?" Mahfudha akauliza.

"Wengine bado."

"Hata Kilifi wako ambao bado. Wanasema ulimtetea Seif kwa ajili yangu."

"Nusu ya wanayosema ni kweli."

Mahfudha alicheka bila kutaka, akafunika mdomo kwa leso. Walikwenda hatua kadhaa. Kisha akasimama.

"Nilikaa na hasira hata nikaizoea," akasema. "Asubuhi naamka nayo, naivaa kama buibui, naenda nayo kazini. Siku moja nikaitafuta nisiione. Nimebaki na hofu tu. Nikikwambia neno, nitakuwa najiuliza kama ni salama."

"Utajiuliza," Stambuli akasema. "Na mimi kila ukiniambia neno nitakumbuka. Sina dawa nyingine zaidi ya miaka, Mahfudha. Nipe hiyo miaka uone."

"Unaniomba nini hasa?"

"Nataka kuleta wazee wangu kwa Mzee Aboud. Lakini sitawaleta kabla hujanijibu wewe. Utakubali kuolewa nami?"

Upepo ulikuwa mdogo. Huko kwenye miamba shangazi Mwanatumu alikuwa ameinama, ametazama shimo lilelile la maji kwa muda usio wa kawaida.

"Mimi kwetu sijibu," Mahfudha akasema. "Wanaojibu ni wazee. Walete." Aliinama kuvaa viatu vyake, akamshika mkono ili asianguke, na alipokwisha kuvaa hakumwachia. "Ila wakikuuliza njiani mwenyewe amesemaje, waambie amekubali."